Kengele za Upande Wetu

Nilizaliwa katika nyumba isiyo na moto. Wagogo wakisikia hivyo hutikisa kichwa, kwa sababu kwetu mtoto mchanga hulazwa karibu na jiko kabla hata hajajua kunyonya vizuri. Mimi nililazwa karibu na jivu lililofukiwa mchanga. Wanasema ndiyo sababu nina hasira za karibu. Labda. Lakini hasira hizo hunipanda zaidi mtu anaponiambia kwamba mpaka ni mstari tu wa kwenye ramani ya serikali. Na aje aishi kwetu.

Bibi yangu mzaa mama aliitwa Nyemo. Hakuwa mtu mkubwa. Alilima uwele, alipika pombe, aligombana na mbuzi wa majirani. Mumewe alikufa mapema akamwachia nyumba ya tembe na ng'ombe wachache, upande wa mashariki wa korongo, si mbali na kijiji cha Zuzu. Heshima aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: ugonjwa ukiingia katika nchi, yeye ndiye aliyewaongoza wanawake kwenda kuutupa.

Nieleze, maana vijana wa leo hunitazama kama niliyelewa. Kila nchi ya mtemi ilikuwa na mpaka wake, na mpaka wetu upande wa machweo ulikuwa korongo lile la mchanga. Ng'ombe wakianza kufa, na dawa za wanaume zikishindwa, mtemi aliwaita wanawake. Siku hiyo walivaa nguo za waume zao, wakashika mikuki na fimbo, na wanaume wakabaki ndani wakisaga uwele. Ndiyo, wakisaga! Mwanamume aliyechungulia nje alichapwa na mke wa jirani na hakuwa na pa kushtaki. Kila mwanamke alibeba kinyesi na jivu la zizi lake ndani ya kipande cha kibuyu, pamoja na kengele za ng'ombe wake waliokufa. Walikwenda wakizipiga kengele hizo ili ugonjwa udhani kundi linaswagwa, nao ufuate. Wakishavuka korongo walivirusha vibuyu, wakazijaza kengele majani makavu zisilie tena, wakaziacha hukohuko. Halafu walirudi kimya. Hakuna aliyegeuka nyuma mpaka afike mlangoni kwake. Anayegeuka huonana na alichokitupa, na tangu hapo huhesabiwa miongoni mwa vilivyotupwa.

Ng'ambo ya korongo hakukuwa na mtu. Kulikuwa na miiba na fisi, na hao hawakuwa ndugu wa yeyote.

Kisha Wadachi wakaleta reli. Reli haina adabu, ilipita katikati ya kaya za watu, na waliokuwa njiani wakaamriwa wahamie ng'ambo ya korongo. Mmoja wao alikuwa mama yangu, Loisi, mtoto pekee wa Nyemo. Yeye na baba yangu, Yotham, walikuwa wamebatizwa misheni. Baba alifanya kazi ya reli na kulala kambini, kwa hiyo mara nyingi mama alikaa peke yake na ng'ombe wao. Ili mambo yawe sawasawa, serikali ikapima nchi upya. Ikasema korongo si mpaka tena, mpaka ni jiwe lililopakwa chokaa, mbele kabisa kupita nyumba ya mama. Mtemi hakuulizwa. Watu walitangaziwa, wakaitikia "Ndiyo, bwana," wakarudi kulima.

Mwaka uliofuata homa ya mapafu iliingia mazizini. Ng'ombe walisimama wamenyoosha shingo, wakikohoa kama wazee, kisha wakaanguka. Dawa za wanaume zilishindwa. Mtemi akawaita wanawake.

Bibi aliposikia wito huo aliacha kula. Wakati ule mama alikuwa na mimba yangu, imeshakuwa kubwa. Na wazee walisema ugonjwa uliotupwa hautafuti mtu, hutafuta moshi. Jiko la kwanza linalofuka moshi ng'ambo ndilo unaloliingia. Jiko la kwanza ng'ambo lilikuwa la Loisi.

Bibi akaenda kwa akida. Akida wetu aliitwa Abbasi, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu mwenye kanzu safi na sauti ya chini. Serikali ilimleta kwetu ili asiwe na shemeji wa kumpendelea. Sitamsema vibaya. Alimkaribisha bibi barazani kwake akampa kiti.

"Mbukwa, bwana akida."

"Mbukwa, mama. Sema."

"Naomba mwanangu arudi upande huu. Ajenge kwenye uwanja wangu, mwaka huu tu."

"Akirudi mmoja watarudi wote, mama. Na wakirudi wote, watachapwa viboko huko bomani, na mimi nitafuata. Kwani kuna nini?"

Bibi akamweleza. Abbasi hakucheka. Kwao Kondoa nako kuna vilima ambavyo mtu havionyeshi kwa kidole. Kisha uso wake ukachangamka, kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo.

"Lakini Loisi hayuko ng'ambo! Nchi imesogea. Mpaka ni lile jiwe jeupe, na Loisi yuko huku ndani, kama wewe tu. Kautupeni kwenye jiwe. Mikuki yenu mimi sitaiona."

Kwa maoni yangu bibi alijua kuwa jibu hilo lina kasoro. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Alirudi akawaambia wenzake kwamba safari hii wataupeleka mpaka kwenye jiwe.

Dada yake, Mwaja, ndiye aliyembishia. Mwaja na Nyemo walizaliwa tumbo moja na kulelewa mgongo mmoja, wakabishana maisha yao yote bila kuchokana.

"Jiwe hilo nani amelitambikia?" Mwaja aliuliza. "Waliolala chini wanalijua?"

"Serikali inalijua."

"Serikali haina ng'ombe, Nyemo."

"Na wewe huna mtoto ng'ambo."

Asubuhi Mwaja alikuja amevaa shuka la mumewe, mkuki begani.

Waliondoka jua likiwa bado la upole. Walivuka korongo wakaendelea mbele bila kusimama, jambo ambalo hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kulifanya na kengele zikilia mikononi. Njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita mlangoni kwa mama. Alikuwa amesimama pale, mkono tumboni, moshi wa jiko lake ukipanda nyuma yake. Alikuwa Mkristo na alikuwa ameapa kutoyasadiki mambo hayo. Hata hivyo aliniambia kwamba kundi lile la wanawake lilipopita, ng'ombe wake wote walinyanyua vichwa. Hawakuwatazama wanawake. Walitazama nyuma yao, pale ambapo njia ilikuwa tupu.

Bibi alipita bila kumsalimu mwanawe. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa, na moyo wake ulimuuma vibaya.

Kwenye jiwe walivirusha vibuyu, vikapasuka. Wakazijaza kengele majani makavu, wakazilaza chini. Kwa desturi, mzigo ukishatupwa, wanawake husikia ubaridi shingoni, kama mtu amekuondolea nguo begani. Siku hiyo hawakusikia ubaridi wowote. Jua liliwachoma tu. Chokaa ya jiwe ilikuwa imeanza kubanduka, na chini yake lilikuwa jiwe kama mawe mengine.

Walirudi kimya. Ilikuwa adhuhuri, wakati ambao hata kivuli chako hukukimbia. Walipita tena mlangoni kwa mama, wakashika njia ya korongoni. Hapo ndipo kengele ililia nyuma yao.

Ilikuwa moja. Bibi aliijua, kwa sababu ilikuwa na ufa na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Ilikuwa ya maksai wake mwekundu aliyekufa mwezi ule. Aliijaza majani kwa mikono yake mwenyewe, akaiacha kwenye jiwe. Kisha ikalia nyingine, na nyingine. Hazikulia kwa haraka. Zililia kwa mwendo wa ng'ombe wanaorudi nyumbani wameshiba, wakijua mchungaji hatawapiga. Hakuna mwanamke aliyekimbia na hakuna aliyegeuka, ila wote, bila kuambizana, walisogeleana mpaka mikuki ikagongana.

Wakashuka korongoni, wakatembea juu ya mchanga wa moto, wakapanda ukingo wa pili. Nyuma yao kengele zikafika ukingoni na kusimama. Zilisimama zote pamoja, na wanawake wakasikia kitu kikubwa kikihema ng'ambo, kikitafuta pa kushukia.

Hakikushuka.

"Kimekataa," mmoja alinong'ona, akaanza kulia kwa furaha, maana alielewa kwamba ng'ombe wake wamepona. Waliolala chini walikuwa hawajahama. Mpaka wao ulikuwa palepale.

Kengele zikaanza kulia tena. Safari hii zilikuwa zinarudi magharibi, polepole, kuelekea kwenye moshi.

Bibi akasimama. Mwaja, aliyekuwa kando yake, akamshika mkono.

"Usigeuke, mdogo wangu. Nakuomba."

"Nimeupitisha mlangoni kwake mara mbili, Mwaja. Mara mbili!"

"Ukigeuka nitakuaga nimekupa mgongo. Sitakuwa na njia nyingine."

"Basi niage."

Akageuka.

Nilipokuwa mtoto nilimuuliza aliona nini. Alisema hakuona kitu, ila vumbi lililosimama bila upepo, refu kama zizi, na lilipomwona lilisita. Halafu akakimbia. Mwanamke mzima, shuka la marehemu mumewe kiunoni, mkuki mkononi, alilipita vumbi lile ubavuni, akasikia joto la pumzi na harufu ya ng'ombe wagonjwa. Alifika mlangoni kwa mama kabla ya kengele. Hakusalimia. Aliingia moja kwa moja, akamwaga mchanga juu ya jiko mpaka moshi ukafa, akazika kila kaa.

"Yaya, unafanya nini?" mama alimuuliza. Yaya ndivyo sisi tunavyomwita mama.

"Kaa chini. Usiwashe kitu."

"Hakuna kitu huko nje, Yaya. Tumefundishwa."

"Sikiliza."

Mama akasikiliza. Mpaka anakufa, na alikufa akiwa mzee wa kanisa, hakuwahi kukana alichokisikia: kengele zikiizunguka nyumba, zikisimama kwenye kila upenyo, zikitafuta moshi. Hazikuupata. Vivuli viliporefuka, zikaingia zizini.

Ng'ombe wa baba walikufa wote. Mpaka alipoanguka wa mwisho, bibi hakuruhusu moto. Walikula uwele uliolowekwa maji. Katika siku hizo nilizaliwa, kwenye ubaridi, nikilia kwa nguvu, na mama yangu akapona. Wanaotaka kuniambia kwamba ilikuwa homa ya mifugo tu, na kwamba moto haukuhusika, nawaambia vizuri sana, kaeni na elimu yenu. Mimi nina mama niliyemjua.

Upande wa pili, mashariki mwa korongo, hakufa ng'ombe mwingine hata mmoja. Walifanya ngoma. Na bibi yangu hakuweza kurudi.

Abbasi alikuja mwenyewe, amefadhaika. "Mama, rudi kwako. Nchi ni moja. Sheria imesema, na mimi ndiye niliyeisema."

"Mimi nimekusikia," bibi alimjibu. "Nenda ukawaambie wao."

Alikwenda. Akawakusanya watu, akasema kwa ukali, akataja boma, akataja viboko. Wote walimsikiliza kwa heshima na kuitikia "Ndiyo, bwana." Alipomleta bibi mpaka ukingoni awaonyeshe kwamba hana ubaya, wote waligeuka wakampa mgongo, wanaume, wanawake, hata watoto wa kubebwa waligeuzwa. Abbasi alisimama na kanzu yake katikati ya korongo, hana wa kumpiga, kwa sababu hakuna sheria inayomkataza mtu kutazama nyumbani kwake. Baada ya hapo hakulitaja tena lile jiwe.

Bibi alikaa nasi. Alinilea. Ng'ombe wake walikamuliwa na Mwaja, na kila baada ya mavuno Mwaja alileta kibuyu cha maziwa mpaka korongoni. Alikuja kinyumenyume kwenye mchanga, akiupapasa kwa kisigino, akaweka kibuyu, akaondoka. Walizungumza hivyohivyo, mmoja akitazama mgongo wa mwenzake, wakibishana kama zamani, kuhusu mvua na chumvi. Mimi nilimjua bibi Mwaja kwa mgongo. Niliujua vizuri, kovu lake la mwiba, kitambaa chake cheusi. Nilidhani kuna watu walioumbwa hivyo.

Mwaka ule Wadachi walipokuwa wanakimbia na Waingereza wanaingia, bibi Nyemo alifariki. Jiwe lilikuwa limeshaangushwa na mtu asiyejulikana, na hakuna askari aliyeuliza. Tulimzika upande wetu. Nilikuwa mdogo, nimeshika nguo ya mama, nilipoona mgongo ninaoujua ukivuka korongo.

Safari hii haukuishia kwenye mchanga. Ukapanda ukingo, ukaja kinyumenyume mpaka kaburini, ukasimama. Mama akasema taratibu, "Mama mkubwa, sasa inatosha."

Bibi Mwaja akageuka. Uso wake ulikuwa uleule wa bibi yangu, macho, kidevu, kila kitu, umelowa machozi. Nikapiga kelele kwamba bibi amefufuka, nikamkimbilia. Naye akanipokea, akakaa chini kando ya udongo mbichi, na hakurudi tena upande wa pili.