Kitambaa cha Filta

Juzi, kwenye gereji moja ya mtaa wa Kimisagara, mwanamke aliyenitangulia hakutulia. Alilizunguka gari lake kuukuu, linalofuka moshi mweusi.

"Kesho iko kontrole, ile ya kukagua magari. Wataikataa."

Fundi akachomoa buji, ile plagi ya kuwashia injini, imejaa masizi. "Inakunywa esansi sana, madamu. Petroli iko mingi, hewa iko kidogo."

Akafungua kisanduku cha filta ya hewa, akavuta kitambaa kizito cha kufumwa. "Hii ni ya nini?"

"Ya vumbi. Nilifunika filta isichafuke."

Fundi akarudisha buji, akawasha injini tena, moshi ukapungua. Mwanamke akakunja kitambaa, bado hana raha.

"Sasa vumbi itaenda wapi?"

"Kwa filta, madamu. Ndiyo kazi yake."

Nilimcheka njia nzima, mpaka nilipofungua mlango wa sebule yangu. Makochi yamefunikwa vitambaa tangu yanunuliwe. Rangi yake nimeisahau.