Alichonong'onezwa Mama

Mama alisahau vita wakati mizinga ingali inasikika kutoka upande wa Bukavu. Masista waliompokea kwenye nyumba yao ya wazee, pale juu ya Kamembe, upande wetu wa Rwanda, walisema ni neema. Neema gani! Kila Jumapili nilipanda kilima kile na sahani ya wali wa Bugarama, naye akaniuliza kwa heshima zote, kama mgeni, "Maman, unatafuta nani hapa?" Mimi ndiye mtoto pekee aliyembakia.

Jina langu lilimtoka. La jirani yetu halikumtoka. Jirani huyo mumewe ndiye aliyemtoa baba yangu nyumbani, mwaka ule wa mauaji ya kimbari, na baba hakurudi. Mume alikuwa gerezani na hasemi kitu. Mke aliona walikoelekea. Nilimwendea mara nyingi nikimwomba anionyeshe mahali tu, niichimbue mifupa niizike kama watu wanavyozikwa. "Sijue kintu, mutoto yangu," alinijibu kila mara, huku akiendelea kupepeta maharage. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha Mama akagoma kula. Masista walipomsogezea kijiko, alikaza meno. "Muniitie jirani yangu," alisema. "Nitakula ya mukono yake." Alikonda hadi pete ikamvuka kidole. Basi nikaenda kumwita, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, na njia nzima nilimtukana moyoni.

Alikuja na uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Alimimina kikombeni, akaonja kwanza yeye, maana kwetu anayekupa kinywaji hutangulia kuonja ili ujue hakina sumu. Mama akacheka. "Unaonja ya nini? Miye na weye ni batu ya kuogopana?" Akakimaliza kikombe chote. Nilimshukuru Mungu na nilimchukia yule mwanamke kwa pumzi ileile.

Sista mmoja alipompangusa mdomo, Mama akauliza, "Bwana yangu iko wapi? Hawa bananidanganya ati iko Bukavu."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimdanganya hivyo. Jirani aliinua uso, akanitazama pale mlangoni nilipokuwa nimesimama, kisha akamwinamia Mama na kumnong'oneza sikioni. Halikuwa neno moja tu. Alieleza, hata mkono wake ukawa unaonyesha njia, huku machozi yakimtoka.

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. "Eee. Pale? Pale ninapajua."

Nilikimbia nikapiga magoti mbele yake. "Maman, amesema wapi?"

"Nani?"

"Huyu! Amekuambia Papa iko wapi?"

Mama alinitazama kwa huruma, akanipapasa shavu. "Pole, mutoto. Papa yako ni nani?"

Nikamgeukia jirani. Alikuwa ameshafunga chupa yake, anajifuta macho kwa pindo la kitenge. Nilimwomba. Nisiseme uongo, nilimwomba mpaka nikamshika miguu, mimi niliyeapa sitamsalimia tena.

"Bwana alikuwa yake," akasema. "Nimemwambia mwenyewe. Sista ameona, Mungu ameona. Miye nimemaliza."

Akageuka atoke. Mama akamdaka mkono, akaubusu.

"Unisalimie bwana yako," akamwambia. "Mwambie asikawie kuja kutuona."