Dorcus Alivyolala Katika Maombi

Kabla sijaeleza habari za Dorcus, niseme ukweli wangu: siku alipolala katika maombi, mimi ndiye niliyecheka wa kwanza.

Alikuja kambi yetu ya wachuma chai mwaka wa 1932, kutoka upande wa ziwa, kumsaidia binti yake Elmina aliyekuwa mjamzito. Elmina alijifungulia njiani akipelekwa zahanati ya Kiptere, akafa papo hapo. Mtoto akaitwa Ayoo, kwa kuwa alizaliwa njiani. Baba yake, Opiyo, alirudi kuchuma kabla matanga hayajaisha, maana asiyechuma hakupewa posho. Dorcus akabaki na Ayoo mgongoni na kaka yake Joab wa miaka miwili mkononi. Kuni yeye, maji yeye, maziwa ya kuchemsha yeye, na umri wake ulikuwa umekaribia sitini.

Hakuna aliyemwona akilia. Tulisema ana imani. Tulikuwa wepesi wa kusema.

Jumapili tulikusanyika katika nyumba tupu mwisho wa laini, yaani safu ya nyumba za wachumaji. Kiongozi wetu alikuwa Alfayo, karani wa mizani, na wa kuomba alikuwa Dorcus, kwa sababu maombi yake yalikuwa marefu na matamu. Siku hiyo alipiga magoti, akasema, "Baba yetu," akanyamaza. Tukangoja macho tumefumba, tukidhani Roho amemshukia. Kisha tukasikia mkoromo. Nikacheka, na wachumaji wenzangu wakanifuata.

Jumapili mbili hakuja. Loice, mke wa Alfayo, alipomwuliza, Dorcus alisema Mungu amemfungia mlango tangu Elmina afe; kila akipiga magoti, maneno yanakimbia na usingizi unaingia. Mtu anayemkoromea Mungu, alisema, afadhali akae kwake.

Jumapili ya tatu Alfayo alitupeleka sote nyumbani kwa Dorcus. Alipotuona alidhani tumekuja kumkemea. Akasimama mlangoni, mtoto mgongoni, akangoja.

"Mama," Alfayo akamwuliza, "siku ile ulitaka kumwambia Mungu nini?"

"Mimi nilitaka tu kumwambia nimechoka."

"Basi alisikia. Ndiyo maana akakupa usingizi."

Loice akamfungua Ayoo, akambeba mgongoni mwake. Mimi nikapewa Joab, nadhani kwa makusudi. Dorcus akaingia ndani akalala, nasi tukaimba nje kwa sauti ya chini, huku ukungu ukiondoka juu ya chai. Alipoamka adhuhuri alimlilia Elmina kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemnyamazisha. Nilisikia aibu mpaka miguuni.

Jumapili iliyofuata Alfayo alimwita tena aombe. Nikampakata Joab.

"Baba yetu," akasema, "nimechoka. Na mtoto wangu bado namtaka."

Wanawake waliitikia amina kabla hajamaliza. Nami nikaitikia pamoja nao, polepole, kwa sababu Joab alikuwa amenilalia begani.