Kikombe cha Kusafisha Tumbo

Kwetu Ngara mimba changa haitangazwi. Unaificha chini ya kanga mpaka ijitangaze yenyewe, eti wenye kijicho wasije wakaitoa. Haya, umeificha, nani sasa atakuambia upumzike? Miaka ile wakimbizi walipofurika kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka, vilima vya karibu vilikuwa vimebaki uchi, maana wao nao walikuwa na vyungu vya kuchemsha, na kuni tukawa tunazifuata mbali. Mzigo kichwani, mimba ya kwanza tumboni, nami kimya.

Siku niliyoona damu nilikuwa narudi na kuni. Nikautua mzigo njiani, nikajikokota hadi zahanati. Muuguzi akanipima. "Mlango wa kizazi umefunga," akasema. "Mimba bado ipo. Inaweza kukaa, inaweza kutoka, siwezi kukuahidi. Usibebe kitu."

Nyumbani mama mkwe hakutaka kusikia. Kwake damu ikishaonekana mimba imekwenda, kilichobaki ni kusafisha tumbo. Akachemsha majani yake, akaniletea kikombe kinafuka. "Kunywa, mwanangu. Uchafu ukibaki utakuua."

"Mama, muuguzi amesema bado ipo."

"Muuguzi amezaa wangapi?"

Nikamtazama mume wangu. Loo! Mwanamume mzima anachunguza kucha zake. "Kunywa tu, mama anajua."

Anajua nini? Mtoto wangu ndiye uchafu? Niliwaka kwa hasira. Lakini mke mpya hampandishii mkwewe sauti. Nikapokea kikombe kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaomba nikanywee nyuma ya nyumba. Dawa yote nikaimwaga kwenye shina la mgomba.

Damu iliendelea kudondoka, nami nimelala naitwa mvivu. Kisha ikakoma. Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati wake, kadogo, lakini alilia mpaka majirani wakacheka.

Wageni walipokuja kumwona, mama mkwe alikuwa amempakata. "Huyu alikuwa anatoka," akawaambia. "Dawa yangu ndiyo iliyomshika." Mume wangu naye akaitikia kwa kichwa, bila haya!

Jirani mmoja, msichana aliyeolewa juzi tu, akamsogelea mama mkwe akamnong'oneza, nami nikasikia: naye ana mimba, ameona damu tangu asubuhi, anaomba majani hayo.

"Usinywe!" nilipiga kelele kitandani. "Nenda zahanati! Mimi sikunywa, niliimwaga!"

Mama mkwe akanirudishia mtoto, akatoka nje. Hatukusemeshana mpaka binti alipoota meno, na sikujali. Msichana yule alikwenda zahanati.