Mdundo Usio na Asili

Kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji kimoja upande wa Nyantakara, muziki wa kompyuta umepigwa marufuku, kwa kuwa hauna asili, umeletwa na watu wa kuja, na unapunguza nguvu kazi. Atakayekaidi, spika yake itachukuliwa.

Spika ya aina hiyo kijijini ilikuwa moja, ya Limi, binti wa wahamiaji wa Kisukuma kutoka Shinyanga, aliyeipata kwa kuuza mihogo. Wataalamu huandika kwamba miziki hii huzaliwa kwa watu waliofungiwa milango. Limi na wenzake walirudishwa mlangoni pa ukumbi wa disko mjini Biharamulo kwa sababu ya kuvaa kandambili, basi wakawa wanacheza nyuma ya mashine ya kusaga.

"Muziki gani hauna mpigaji?" Malongo, mzee wa ngoma wa kundi la kulima, alimtania Limi. "Chaji ikiisha mnacheza nini?"

"Tunakuja kwako, babu."

Siku ya kulima shamba la ofisi, ngoma ilikuwa imenyeshewa. Malongo akaigonga; ikajibu kama gunia. Kundi likaegemea majembe. Wasukuma hawa hulima kwa ngoma, na ngoma ikinyamaza, jembe nalo hunyamaza. Mtendaji akaamuru, kisha akabembeleza.

"Limi," Malongo akasema, "kalete hilo sanduku lako."

"Litachukuliwa, babu."

"Na nani? Huyu anayetaka kulimiwa?"

Mtendaji akaanza kukagua viatu vyake.

Limi akawasha. Kwanza besi, ikapita ardhini hadi kwenye nyayo. Juu yake ngoma. Malongo akainua kichwa.

"Mkono huo naujua."

"Ni wako. Niliurekodi kwa simu msimu uliopita. Na hicho kinacholia juu ni jembe la mama likigonga jiwe."

Kundi likashika majembe. Majembe yakapanda pamoja, yakatulia hewani, yakashuka pamoja, na kishindo chake kikaingia ndani ya mdundo kana kwamba kilikuwa kimeachiwa nafasi. Kilikuwa kimeachiwa. Wasubi, wenyeji wa huku, waliokuwa wakipita na baiskeli za ndizi walisimama, mmoja akavua kofia bila kujua kwa nini. Malongo akaweka kiganja juu ya spika, taratibu, kama anayempima mtoto homa, na hakukiondoa.

Tangazo bado lipo ukutani. Mahindi ya ofisi yalipandwa siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita mchana.