Funga Kwanza, Uone Kama Itawaka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake. Ilikuwa harufu kali ya kakao iliyotoka kuvundikwa, ile inayokaribia siki, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta ndani ya nyumba ya kukaushia huko Mulekera, Beni. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Nyuma yangu walisimama wanawake wa ushirika, wenye kakao ile, na wote walikuwa wanasema neno moja: usifunge. Nilikuwa msichana bado, sijaolewa.

Nakueleza habari hii kwa sababu juzi nimekuona umeacha mashine yako wazi, hujaifunga tangu juma lililopita, na nilipokuuliza mbona, ukajibu kwa furaha kwamba haina haja ya kufungwa, inajisomea yenyewe. Nilicheka, lakini sikukudharau. Nilimsikia Zaituni wa zamani, yaani mimi mwenyewe, akisema maneno hayo hayo kwa sauti hiyo hiyo. Basi sogea, weka simu chini kidogo, unisikilize.

Wewe kazi yetu unaijua, ila wapo watakaosoma haya na hawaijui, kwa hiyo univumilie. Mtu anayeandika programu anaweza kufungua kikao na mashine. Anaandika amri, mashine inajibu, anaandika nyingine, inajibu tena, na yote waliyosemezana mashine inayashika mpaka kikao kifungwe. Programu yenyewe, ile ndefu, imeandikwa pembeni kwenye faili. Zamani ukibadilisha mstari mmoja tu ilibidi ufunge kikao, ufungue kingine, upakie kila kitu upya. Hapa kwetu, ambako umeme unakuja siku unapopenda wenyewe na jenereta inakunywa mafuta bila huruma, hiyo ilikuwa adhabu. Ndipo nikajifunza kuweka amri fupi mwanzoni mwa kikao, inayoiambia mashine hivi: kila nikikuagiza jambo, tazama faili zangu kwanza, na iliyobadilika uisome upya mwenyewe. Mwanangu, nilipoiona ikifanya hivyo mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu. Nahifadhi faili, naandika amri, na jibu jipya linatoka palepale. Sisi vijana wa chumba kile cha kompyuta, Butembo, tukaanza kushindana kikao cha nani kitaishi muda mrefu kuliko vingine. Betri tulizitunza kuliko tumbo.

Mwenye chumba alikuwa Papa Kasereka, mtu wa milimani huko Masereka, aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka. Ndiye aliyetufundisha wote. Nilimwita aje aone ajabu yangu. Akatazama kwa makini, akaniomba nirudie, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Ni muzuri sana,” akasema. “Lakini programu yako iko wapi?”

“Iko mu fishie, Papa,” nikasema, maana faili tuliliita hivyo.

“Funga, tuone.”

Nikaanza kumpigia hadithi. Groupe, yaani jenereta, inakaribia kuzimwa, vitu vyangu vyote viko ndani, nitafunga kesho. Hakupaza sauti, hakuwa na tabia hiyo. Akasema tu, wenzangu wote wakisikia:

“Zaituni, mutu anaogopa kufunga kazi yake, ule hapana mutengenezaji. Ule iko mulinzi. Unataka kukaa mulinzi maisha yako yote?”

Wenzangu walicheka hadi machozi. Mimi nilinuna kutwa nzima. Yeye alikuwa na desturi yake: kabla ya kumkabidhi mtu kazi, anafunga kila kitu, anatoka nje, anakunywa chai yake polepole, kisha anarudi na kuwasha kama mtu ambaye hajawahi kuiona programu ile. Tulimcheka kwa hiyo chai yake. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwiga, na tulijiona werevu.

Muda si mrefu, baba mdogo Idi akaniletea kazi. Yeye alikuwa na lori, akisafirisha mizigo kati ya Beni na Butembo, na alikuwa anajuana na kila mtu. Akaniambia kuna wanawake Mulekera wamejengewa nyumba ya kukaushia kakao, wamepewa feni na vipimo vya unyevu, lakini hakuna aliyeweza kuvifanya vielewane. Msimu wa mvua umeingia, turubai nje hazifai kitu. Nikapanda lori, nikashuka naye Beni kwenye joto lake.

Mwenyekiti wao alikuwa Mama Masika, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Kakao iliyokuwa mle ndani ilikuwa mavuno yao yote. Wengi waliivuna kwenye mashamba ambayo watu walishayakimbia kwa sababu ya vita. Walikwenda alfajiri kwa kundi, wakachuma haraka haraka, wakarudi na mizigo kichwani huku wakisikiliza nyuma yao. Hakuna aliyejua kama wangeweza kurudi tena. Kakao ikitoka kwenye masanduku ya kuvundikia isipokauka vizuri, inaota ukungu, na mnunuzi akikata punje moja na kuona ukungu anageuza gari. Kwa hiyo nisikilize vizuri: mle ndani hakukuwa na mchezo.

Nilifanya kazi kikao kikiwa wazi tangu siku niliyofika. Ilikuwa raha tupu. Chanja ya mwisho ya kuanikia ikikauka upesi kuliko nyingine, nabadilisha faili, nahifadhi, natoa amri, feni inatii. Kipimo kimoja kilikuwa kinasema uongo, kinaona maji mahali pasipo na maji, nami nikakirekebisha palepale ndani ya kikao, nikijiambia jambo hilo nitakuja kuliandika kwenye faili baadaye. Feni zikawa zinawaka na kuzimika zenyewe kama inavyotakiwa. Wanawake wakanipikia sombe, yaani kisamvu, na samaki, wakaniita binti yao. Mama Masika akanishika shavu, akasema Mungu amewakumbuka. Sijui kama umewahi kupendwa na watu kumi na zaidi kwa wakati mmoja, mwanangu, lakini ni kitu kitamu, na kinamfanya mtu asitake kugusa chochote.

Mchana wa siku ile niliyoanza nayo, baba mdogo akapita. Msafara wa magari wa kwenda Butembo unatoka kesho asubuhi, akasema, na baada ya huo hajui mwingine utatoka lini. Niwe tayari. Akaondoka, nami nikabaki nikiitazama mashine. Kesho mimi sipo. Umeme ukikatika, atakayeiwasha ni mtu mwingine. Na mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuiwasha kuanzia mwanzo, hata mara moja. Niliisikia sauti ya Papa Kasereka kama amekaa pembeni yangu, na safari hii sikununa.

Nikawaambia wanawake nataka kufunga kila kitu na kuwasha upya. Wakaja mbio.

“Iko inatembea muzuri,” Mama Masika akasema. “Juu ya nini unataka kuifunga?”

“Mama, kesho mimi naenda. Courant ikikatika, nani atawasha?”

“Tutakuita.”

“Na kama barabara inafungwa?”

Barabara ile kila mtu anaijua, hufungwa wakati wowote kwa sababu ya mapigano. Mmoja akasema basi ningoje kakao ikauke ndipo nifunge. Lilikuwa neno la busara, sikatai, ila kakao ilihitaji siku ambazo mimi sikuwa nazo. Mama Masika akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Hakuwa anatania tena.

“Zaituni, batu balihatarisha maisha yabo juu ya ile kakao. Hapana gusa.”

“Ndiyo maana nitagusa, Mama. Kama itavunjika, afadhali ivunjike leo niko hapa.”

Nikauondoa mkono wake, kwa heshima lakini nikauondoa, na nikafunga. Feni zikapunguza mlio, zikanyamaza. Ukabaki mlio wa mvua juu ya mabati. Nikatoka nje, nikasimama chini ya upenu. Chai sikuwa nayo, nikahesabu pumzi zangu tu. Nikarudi, nikawasha.

Haikuwaka.

Mashine ikaandika kwamba kuna njia ya kupima unyevu inayoitwa ndani ya programu na haipo popote. “Unaona sasa?” Mama Masika akasema. “Unaona?” Kuna mmoja aliyeanza kulia, na kilio kile kiliniingia mpaka leo sijakisahau.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana ndicho ninachotaka ukishike. Njia ya kupima unyevu nilikuwa nimeiandika upya kwa jina jipya, ile ya kwanza nikaifuta kwenye faili. Lakini ile sehemu inayoendesha feni ilikuwa bado inaiita ya kwanza. Kwa nini basi ilikuwa inafanya kazi? Kwa sababu kikao kinachojisomea faili kinapokea kipya unachokiandika, ila ulichokifuta hakikisahau. Kinaendelea kukishika, na kinakutumikia bila kukwambia. Siku zote zile feni za wanawake wale zilikuwa zinaendeshwa na maneno ambayo hayakuwa yameandikwa mahali popote. Nilikuwa nawaachia mzimu.

Nikarekebisha. Kichwa kilikuwa kinaniwaka, lakini sasa adui nilikuwa namwona. Nikafunga tena, nikawasha tena. Feni zikaanza, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapaza sauti, “Mungoye kwanza!” Chanja moja ilikuwa inaonyesha maji mengi kupita kiasi. Kile kipimo mwongo. Dawa yake nilikuwa nimeitia ndani ya kikao, na kikao kilikwisha kufa nayo. Hii ilinitisha zaidi, maana safari hii mashine haikulalamika hata kidogo. Ingekausha kakao ile kupita kiasi mpaka ivunjikevunjike, huku ikiamini inafanya vema. Nikaiandika kwenye faili mahali pake. Nikafunga mara nyingine, na nilipowasha kila kitu kikakaa sawa. Nikangoja feni ziwake na kuzimika zenyewe. Zikafanya hivyo.

Kisha nikasimama, nikamwambia Mama Masika akae kwenye kiti changu.

“Mimi? Hapana. Nitaharibu.”

“Funga wewe, Mama. Kisha uwashe wewe.”

Aliniangalia kama mtu anayetamani kunizaba kofi. Lakini akakaa. Nikamwonyesha cha kubonyeza, nikarudi nyuma na kuweka mikono mgongoni ili nisimsaidie. Akafunga, macho yakiwa yamefumbwa, naapa. Akawasha. Feni zikaitika. Halafu bila kuambiwa na mtu akafunga tena, akawasha tena, na safari hii macho yalikuwa wazi.

Asubuhi nikapanda lori. Tulifika Butembo salama, na baadaye kidogo barabara ikafungwa nyuma yetu. Mtandao nao ukawa unakuja na kupotea. Nilikaa na hofu yangu, nikipiga simu haziingii, mpaka siku moja Mama Masika mwenyewe akapatikana. Nikamuuliza kwa pupa mashine iko namna gani.

“Courant ilienda jana, mashini ikakufa,” akasema. “Nikaiwasha. Kakao iko muzuri. Zaituni, niache kwanza, niko na kazi.”

Akakata simu. Nilikaa pale chumbani kwa Papa Kasereka na simu mkononi, nikalia kwa furaha mbele ya watu wote, na sikuona haya. Hakuwa ananihitaji tena. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Basi, mwanangu, sikuambii uache hiyo amri ya kujisomea upya. Itumie, nami naitumia mpaka leo na mvi zangu hizi. Itakuokolea mafuta, muda na uchungu wa kichwa. Ila usidanganyike kwamba kinachofanya kazi mbele ya macho yako ndicho ulichokiandika. Siku ya kukabidhi kazi, funga. Funga ukiwa bado upo na una nguvu za kurekebisha, hata kama wote wanakusihi uache, hata kama wanakupenda na unaogopa wataacha kukupenda. Ikivunjika, irekebishe, ufunge tena, usichoke. Kisha inuka kwenye kiti, umwite atakayebaki nayo, awashe kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka hapo atakapoweza, kazi hujaimaliza, na usimruhusu mtu akuambie umeimaliza.

Mungu akupe moyo wa kufunga usiotetereka, na mikono isiyochoka kurekebisha. Aibariki kila kazi utakayoigusa, isimame siku ambayo utakuwa mbali, na mtu uliyemwachia akukatie simu kwa sababu yuko na kazi.