Saa Nane ya Mwanangu

Wiki ya mwisho kiwandani tulipewa kazi ya kuzifunga cherehani zetu wenyewe. Tulizifuta vumbi, tukazipaka mafuta, tukazizungushia plastiki, kisha wapakiaji wakazitia kwenye makasha ya mbao. Yangu ilikuwa ya kushonea mifuko ya ovaroli, na ilikuwa na tabia mbaya ya kukata uzi ikikaliwa na mtu mwingine. Meneja alituambia zinakwenda ng'ambo, kwa watu wanaoshona kwa ujira mdogo kuliko wetu. Nilitaka kumuuliza kama upo ujira mdogo kuliko wetu, lakini jirani yangu wa mashine, Mzulu mtu mzima niliyemwita dada, alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Nikaifunga mashine yangu vizuri kama mtu anayemvisha mtoto sweta la safari.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Johannesburg na mume wangu, tukapanga chumba mtaa wa La Rochelle, tukamzaa binti yetu. Mume alirudi nyumbani kumwangalia mama yake na hakuonekana tena, wala simuulizii. Nikabaki na mtoto na kiwanda.

Binti yangu anakisikia Kiswahili chote, hata kile ninachonong'ona kwenye simu nikiwasengenya watu, lakini kukisema hakutaka. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na akikasirika ananijibu kwa Kizulu. Nilikuwa namtania kwamba ananijibu kama karani wa benki, namngoja aniambie nipange foleni. Moyoni iliniuma. Mtu wa Tanga kuzaa mtoto asiyejua kuomba maji kwa lugha ya mama yake, ni aibu ambayo huisemi mbele za watu.

Kiwanda kilipofungwa nikawa nashinda ndani. Nilikuwa nakaa kitandani nimevaa nguo za kazi, sina pa kuzipeleka. Hapo ndipo mtoto alipobadilika. Siku moja alirudi shule, akavua viatu, akaniambia, "Mama, umekula chakula yako?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamwambia ni chakula chako, akasema sawa, chako. Tangu siku hiyo kila jioni akawa ananiletea Kiswahili chake kilichopinda, sentensi mojamoja, na mimi nainyoosha. Hakuniambia kwa nini, lakini nilijua. Aliona nimevunjika, akatafuta kitu cha kunipa, na mtoto hana kitu. Akanipa kile nilichokuwa namdai siku zote.

Serikali nayo haikututupa, kusema kweli. Ofisi ya kazi ilikuja na mpango kwa sisi tuliopoteza kazi kwa sababu viwanda vimehamishwa. Tungepata posho wakati tukijifunza kushona viti vya magari, na kiwanda kimoja upande wa mashariki ya jiji kilikuwa tayari kuwachukua watakaomaliza. Dada yangu wa mashine aliitwa mapema kwenye ukumbi wa ofisi ya kazi, yeye na wenyeji wengine. Sisi wageni wenye vibali tulitakiwa kusubiri vibali vyetu vikaguliwe kwanza. Nilisubiri. Nilikuwa nalala na simu chini ya mto, nikienda duka la spaza pale mtaani kununua mkate naenda nayo mkononi. Bila mafunzo yale kodi ya chumba isingelipika, na mwanangu angehamishwa shule katikati ya mwaka. Jambo hilo nilikuwa naliogopa kuliko njaa.

Simu yenyewe ilipigwa nikiwa bafuni. Bafu letu liko nje, tunachangia na wapangaji wengine. Mtoto ndiye aliyepokea. Niliporudi na ndoo yangu nilimkuta amesimama mlangoni, uso unang'aa, midomo inatembea kama mtu anayekariri dua. Alikuwa anaipanga sentensi. Akaisema yote bila kuchanganya hata neno la Kiingereza.

"Mama, serikali wamepiga simu. Nafasi yako ipo. Uende ukumbini Alhamisi, saa nane."

Nilimkumbatia na maji yangu mwilini. Sikujua nifurahie kipi zaidi, nafasi au ile sentensi.

Hapa lazima niseme jinsi tulivyokuwa tukitaja saa nyumbani kwetu. Kengele ya kiwanda ililia kwa Kiingereza, zamu zikahesabiwa kwa Kiingereza, na mimi nikazoea. Asubuhi namwamsha kwa kumwambia siksi imefika. Namwambia nitarudi fivu. Maneno mengine yote yalikuwa ya Tanga, ila saa zilikuwa za kiwanda. Kwa hiyo mtoto hakuwahi kuambiwa kwamba kwa Kiswahili saa zina hesabu yake. Alisikia eight kwenye simu, akatafuta nane, akaniletea nane. Nami kwa kuwa nimeambiwa kwa Kiswahili, nilisikia kwa Kiswahili. Saa nane mchana, baada ya adhuhuri. Nikafurahi kwamba nitapata muda wa kupika kabla ya kutoka.

Alhamisi nilipika wali na maharage, nikaswali, nikavaa gauni langu la Idi. Nilipanda taksi mapema maana pale kwenye robot kubwa, zile taa za barabarani za kuingia mjini, magari hukwama. Nilipofika ukumbini vijana walikuwa wanapanga viti juu ya viti. Mama mmoja wa ofisi alikuwa anakunjakunja bango. Nilimwonyesha kibali, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mafunzo.

Aliniambia kwa upole kwamba walianza saa mbili asubuhi. Waliokosekana walisubiriwa, kisha nafasi zao wakapewa waliosimama nje, na gari la kuwapeleka kwenye mafunzo limeshaondoka. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia serikali yenu haina adabu, inamwita mtu mchana na kufunga asubuhi. Hakukasirika. Akasema, "Eish, mama, tulikupigia. Mtu wa nyumbani kwako aliurudia muda wenyewe kwenye simu, akasema ameuelewa."

Nilielewa palepale. Nilijaribu kumweleza, kwa Kizulu changu na Kiingereza changu, kwamba kwetu nane ni mbili. Alicheka kidogo akidhani namtania, halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akaniambia nisubiri awamu ya pili. Awamu ya pili haijaitwa mpaka leo.

Njiani kurudi niliamua jambo moja tu, kwamba mtoto hatajua. Nitasema kibali kimekataliwa. Serikali itabeba lawama, imezoea.

Jioni alirudi shule anakimbia, begi linamrukaruka mgongoni. Hakuvua hata viatu. Aliniuliza kama nimepata, kwa Kiswahili. Nikamwambia wamekikataa kibali changu, ndiyo mambo yao hawa watu, tule. Nilikuwa nampakulia wali. Akasikitika, akakaa karibu yangu, akaniuliza kama foleni ilikuwa ndefu asubuhi. Mimi nimegeukia sufuria, akili iko mbali, nikajibu bila kufikiri.

"Asubuhi wapi? Si nimekwenda saa nane, kama ulivyoniambia."

Nilipogeuka alikuwa anaiangalia saa ya ukutani, halafu ananiangalia mimi, halafu sufuria ya wali uliopikwa kabla sijatoka na kupoa, ambao mtu aliyeondoka alfajiri asingeweza kuupika. Si mtoto mjinga. Nilianza kusema kwamba kosa ni la ofisi. Akaweka sahani chini, akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba yeye alisema eight.

Sikumgombeza. Nilimshika nikamwambia hana kosa, nikamwapia kwa Mungu, nikamfanyia hata mzaha kwamba afadhali nimevikosa viti vya magari, mgongo wangu ungekwisha. Hakulia. Heri angelia.

Sasa nashona barazani, zipu na pindo za suruali za majirani, kwa cherehani ya kukodi isiyonijua. Shule alihamishwa, kama nilivyoogopa. Anaosha vyombo bila kuambiwa, ananisaidia kila kitu, na hanisemeshi Kiswahili.

Juzi Jumamosi tulikuwa na safari ya kesho yake, kwenda kumsalimia dada yangu wa mashine, ambaye sasa anashona viti. Nikataka kumrudisha mwanangu kwa njia yake mwenyewe. Nikamwambia, mimi mtu wa Tanga, nimeikunja lugha yangu makusudi, "Jiandae mwanangu, kesho asubuhi tunatoka saa nane."

Hakuinua kichwa. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba saa nane ni mchana, na kama nilikusudia asubuhi nilitakiwa kusema saa mbili. Yale maneno mawili ya mwisho aliyatamka kwa Kiswahili, sawasawa, kama mtoto aliyezaliwa kwetu. Sijayasikia mengine tena.